Kinyume cha Kununa

Jumatatu, kipindi cha pili, chaki imebaki moja,
nilianza na kufuli la stoo.
Nikalibana, kacha! Funga.
Nikazungusha ufunguo. Fungua.
Watoto sitini na wawili wakaitika, fungua,
na mmoja, Gwimo, akasema, mwalimu, humo mna mipira.

Nikaendelea na yale wanayoyajua kwa mikono:
mama huanika muhogo, wingu likija huanua.
Baba hupakia chumvi kwenye behewa hapa Uvinza,
kule Kigoma wakaipakua.
Fukia kiazi jivuni, kikiiva fukua.
Tega. Tegua.
Vaa shati. Vua.
(Hapo walivua kweli,
nikapoteza dakika kumi kuwavisha.)

Mmeona? nikasema. Ikiingia U, jambo hurudi lilikotoka.
Kosa langu hilo: kuwapa ufunguo wa mlango mmoja
nao wakadhani unafungua mji mzima.

Lala, lalua!
Cheka, chekua!
Soma, somoa! akapaza Tegemea, kasimama juu ya dawati,
nami nikacheka peke yangu,
maana wapo waliosomoa, nawajua kwa majina,
niliwafundisha mwenyewe.

Kaa, akasema Yusta. Kinyume chake kua.
Nilitaka kusema hapana, ni simama,
ndivyo kilivyo kitabu.
Lakini kaka yake alikua mwaka jana,
akapanda treni ya Tabora na begi la shule lisilo na daftari,
na hajakaa tena.
Nikaliacha lipite.

Nuna, nunua!
Huyo Gwimo, macho dirishani
kwa mama Nyabenda na beseni lake la karanga.
Mtu akinuna, mwalimu, ukimnunulia, haendelei.
Darasa zima likaona ni haki.
Wengine wakaanza kununa palepale, kujaribu.

Nikafuta ubao. Nikaandika: moto, baridi.
Mnene, mwembamba. Mbali, karibu.
Nikadhani tumetoka matopeni.

Ndipo Nzeyimana,
ambaye tangu Januari hajatamka neno ila "nipo",
akauliza bila kunyoosha mkono:
Na kufa?

Kuishi, nikasema. Kuzaliwa, nikasema tena,
upesi upesi, kama mtu asiye na hakika.
Akatikisa kichwa.
Kufua.

Walicheka hadi kuku wa mlinzi wakaruka.
Yeye hakucheka. Alieleza polepole
kama anayehesabu chenji mbele ya duka:
bibi alipokufa, mama alikusanya nguo zake zote
akazifua mtoni, Ruchugi, kwa kipande cha sabuni,
akazianika kwenye kamba ya katani.
Upepo ukaingia ndani ya gauni la njano.
Likajaa tumbo. Likajaa mabega.
Mkono mmoja ukamwita.
Jioni mama akalianua.

Tegemea akashuka kwenye dawati.
Gauni bado lipo? akauliza.
Lipo. Mama hulivaa kanisani, limempwaya.
Basi, akasema Tegemea, na kengele ikalia,
wakatoka mbio kugombania mipira,
maana stoo, kumbe, nilikuwa sijaifunga.

Sasa ni saa tatu usiku, nasahihisha.
Niliwapa maneno kumi.
Nzeyimana kaandika kumi na moja;
la mwisho kalitafuta mwenyewe,
herufi zimevutana kama mbuzi wa kamba moja:
kufa, kufua.
Pata. Kosa.
Hivyo navyo ni vinyume, na kalamu nyekundu ninayo mimi.
Umeme umekatika, umerudi, umekatika.
Nje nguo zangu zingali kambani, nazisikia zikijipigapiga.
Sijazianua.